Anwani Moja ya Kudumu

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, alama ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 huko Cambridge, Massachusetts, alipokuwa akitafuta namna ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Upande wa kushoto ni jina la mwenye sanduku. Upande wa kulia ni jina la mahali sanduku lilipo, yaani kikoa. Jina la kushoto mtu hujichagulia mwenyewe. La kulia, mara nyingi, ni mali ya kampuni. Humo ndimo lilimo suala zima la kuchagua barua pepe ya kuaminika: nusu ya anwani ni ya mtu, nusu nyingine ameazimwa, na aliyemwazima anaweza kuidai siku yoyote.

Vitu vitatu huchanganywa kila suala hili linapozungumzwa. Kuna anwani, ambayo ndiyo watu na ofisi huiandika kwenye kumbukumbu zao. Kuna huduma, yaani kampuni inayopokea barua na kuzitunza kwenye seva zake. Halafu kuna programu, chombo cha kusomea na kuandikia, kiwe ni kivinjari cha intaneti, programu ya simu au programu ya kompyuta. Mtu anaposema "Gmail yangu" huwa amevitaja vyote vitatu kwa neno moja, na mazoea hayo humfanya aamini kwamba haviachani. Kumbe vinaachana. Programu inaweza kubadilishwa leo na barua zisipotee. Huduma inaweza kubadilishwa kwa usumbufu kiasi. Anwani ikibadilika, kila aliyekuwa nayo lazima aambiwe upya, na asiyeambiwa huendelea kuandika kwenye sanduku lisilo na mtu.

Wasemaji wa Kiswahili wamejenga makao katika miji mingi ya Marekani miaka ya karibuni. Mitatu kati ya hiyo, Columbus, Buffalo na Louisville, ina historia inayolionyesha jambo hili wazi. Columbus, mji mkuu wa Ohio, ndiko ilikozaliwa CompuServe mwaka 1969, chini ya kampuni ya bima ya maisha. Mwaka 1979 ikaanza kuwahudumia watu wenye kompyuta nyumbani, barua za kielektroniki zikiwa miongoni mwa huduma zake, miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani. Wateja wake wa mwanzo walitambulishwa kwa namba ndefu zenye mkato katikati, na wapo waliozishika namba hizo kwa kichwa kama namba ya simu ya nyumbani. Mwaka 1998 kampuni ikaingia mikononi mwa AOL, na katikati ya mwaka 2009 huduma ile ya asili ikafungwa. Waliotaka kubaki na anwani zao walihamishiwa mfumo mwingine.

Buffalo iliyaona makubwa zaidi. Wakazi wengi walipata intaneti yao kutoka Adelphia, kampuni ya televisheni ya waya iliyoanzishwa na John Rigas katika mji mdogo wa Coudersport, Pennsylvania. Rigas alikuwa pia mmiliki wa Buffalo Sabres, timu ya mpira wa magongo wa barafu ambayo mji mzima unaishabikia. Mwezi Juni mwaka 2002 Adelphia ikafilisika kwa kashfa ya fedha, na mwaka 2006 mali zake zikagawanywa kati ya Time Warner Cable na Comcast. Wateja wa Buffalo wakaangukia Time Warner. Anwani zao zilizoishia na jina la Adelphia zikalazimika kubadilika, na mwaka 2016 Time Warner yenyewe ikamezwa na Charter, inayouza huduma kwa jina la Spectrum. Louisville nako mambo yakawa hayo hayo: Insight, kampuni iliyowapa wakazi intaneti na anwani, ilinunuliwa na Time Warner Cable mwaka 2012, na miaka minne baadaye wote wakawa chini ya Charter.

Afrika Mashariki ina kisa chake. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosomea Marekani, ilikuwa kwa ofisi na familia nyingi za Nairobi mlango wa kwanza wa kuingilia intaneti, na anwani za barua pepe zenye jina lake zilichapwa kwenye kadi za biashara na barua za shule. Kampuni ikauzwa mara kadhaa, ikaunganishwa na nyingine, na jina lake likafifia. Katika visa vyote hivi mwenye anwani hakukosea. Alilipa ankara zake na kutunza nywila yake. Kilichomponza ni kwamba anwani ilikuja kama nyongeza ya huduma ya intaneti, na alipouzwa mwenye waya, anwani ikaenda naye.

Kanuni ya kwanza inatokana na hapo: anwani ya mtu binafsi isitoke kwa kampuni ya intaneti, wala kwa mwajiri, wala kwa shule. Kampuni ya intaneti hubadilika mtu anapohama nyumba. Anwani ya kazini hufungwa siku kazi inapokwisha, pengine kabla mfanyakazi hajafika nyumbani. Anwani ya shule humfaa mwanafunzi kwa masomo, lakini kuitumia kwenye benki, hospitali au ofisi ya uhamiaji ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu.

Katika North Buffalo kanuni hii ina uzito wa pekee. Sehemu hii ya mji iko kati ya bustani kubwa ya Delaware na mji wa Kenmore, na barabara yake kuu ni Hertel. Nyumba nyingi ni za familia mbili, moja chini na nyingine juu, na wapangaji huingia na kutoka. Buffalo ilikuwa na watu karibu 580,000 mwaka 1950, ikapungua kwa miongo mingi hadi 261,310 mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 278,349, ongezeko la kwanza katika miaka 70, na wahamiaji na wakimbizi ni sehemu ya sababu yake. Miongoni mwao wamo Wakongo, Warundi na Wasomali waliopitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma kaskazini mwa Kenya na Nakivale kusini magharibi mwa Uganda, wakapokelewa na mashirika kama Journey's End na International Institute of Buffalo. Louisville shirika linalojulikana ni Kentucky Refugee Ministries. Columbus ni CRIS.

Mtu aliyefika kwa njia hiyo hubadilisha karibu kila kitu katika miaka yake ya mwanzo. Hubadilisha nyumba anapopata ya bei nafuu au yenye nafasi. Hubadilisha kazi. Hubadilisha laini ya simu, kwa kuwa laini za kulipia kabla hufungwa zisipoongezwa salio. Wengine huhama mji kabisa, kutoka Buffalo kwenda Louisville au Columbus, kumfuata ndugu au kazi ya ghala. Wakati huo huo sheria inamwekea kalenda ndefu: mkimbizi huomba kadi ya ukaazi wa kudumu, ile wengi waiitayo grini kadi, baada ya mwaka mmoja, na kwa kawaida uraia baada ya miaka mitano. Anapohama nyumba ana siku 10 za kuiarifu idara ya uhamiaji, USCIS. Katika kipindi chote hicho anwani ya barua pepe ndiyo pekee inayoweza kukaa pale pale, na kwa hiyo huchaguliwa kwa kufikiria miaka ijayo kuliko haja ya siku ile.

Kanuni ya pili inahusu umiliki. Anwani nyingi za wageni hufunguliwa kwa haraka na mtu mwingine: mfanyakazi wa shirika anayejaza fomu ya kazi, jirani aliyefika mapema, au mtoto wa miaka 12 anayejua simu kuliko wazazi. Ni msaada wa kushukuriwa. Tatizo huja baadaye, nywila inapokuwa kichwani mwa aliyeifungua na namba ya simu ya kurejeshea akaunti inapokuwa ya kwake. Wanaokumbuka enzi za S.L.P. wataelewa haraka. Asiyekuwa na sanduku lake posta alitumia la misheni, la shule au la duka la Mhindi, na barua yake ilipitia kwanza mikononi mwa mwenye ufunguo. Anwani ya barua pepe isiyo na nywila mikononi mwa mwenyewe iko katika hali hiyo hiyo, na barua zinazopita humo leo ni nzito zaidi: majibu ya hospitali, hati za mahakama, taarifa za benki.

Suala hili huwagusa hasa wake na wazee. Katika nyumba nyingi mume na mke hutumia anwani moja, au babu hutumia ya mjukuu. Ofisi nyingi hazikubali tena utaratibu huo. Akaunti ya mtandaoni ya USCIS, kwa mfano, hudai kila mwombaji awe na anwani yake mwenyewe, na namba ya uthibitisho inaweza kutumwa kwenye anwani hiyo kila anapoingia. Mama asiyekuwa na anwani yake hulazimika kumwomba mtu mwingine ruhusa ya kujua jambo lake linafika wapi. Kumfungulia anwani yake, na kumwachia nywila yake, ni kumpa heshima anayostahili mtu mzima.

Kufungua anwani kwenyewe kunahitaji utulivu. Jina liwe fupi na liwe la kweli. Jina la utani la ujanani huchekesha kwa wiki moja na huaibisha kwa miaka mbele ya mwajiri. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mtego ambao vitabu vya kompyuta havisemi. Mawasiliano mengi ya Marekani bado ni ya simu, na karani wa kliniki au duka la dawa humwomba mtu amtajie anwani herufi kwa herufi. Herufi "e" inavyotamkwa na Mswahili husikika kwa Mmarekani kama "a". Herufi "i" husikika kama "e". Jina lenye herufi hizo mara tatu, kama Ebengelwa au Kizimkazi, huandikwa visivyo, na miadi ya daktari hutumwa kwa mtu asiyejulikana. Dawa yake ni kuchagua jina lenye irabu chache za aina hiyo inapowezekana, kuepuka nukta na mistari ya chini isiyo ya lazima, na kutotumia sifuri jirani na herufi "o". Njia iliyo bora kuliko zote ni kuiandika anwani kwa herufi kubwa kwenye kikadi na kukitoa kinapohitajika.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake pia. Wakimbizi wengi wameandikwa kwenye hati zao kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa waliowasajili hawakupata siku kamili. Baadhi yao wanaijua siku yao ya kweli kutoka kwa wazazi. Akaunti ikifunguliwa kwa tarehe moja na hati zikawa na nyingine, siku ya kurejesha akaunti iliyofungwa mtu hushindwa kujibu swali kuhusu maisha yake mwenyewe. Ni vyema akaunti ifuate hati rasmi, tarehe na mpangilio wa majina, na kilichojazwa humo kiandikwe mahali.

Sasa ndipo swali la huduma linapoingia. Huduma za bure zilianza kuenea Hotmail ilipofunguliwa tarehe 4 Julai 1996. Yahoo ikafuata mwaka 1997, na Gmail tarehe 1 Aprili 2004, ikimpa kila mtumiaji gigabaiti moja wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti mbili tu. Faida zake zinajulikana. Hazina ada, zinazuia barua taka kwa ustadi, zinafanya kazi kwenye simu yoyote, na Gmail inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, ikasomeka "Kikasha", "Rasimu" na "Barua taka", jambo linalomfaa sana mzee asiyesoma Kiingereza. Kwa watu wengi anwani ya namna hii inatosha, mradi masharti yake yajulikane.

Sharti la kwanza ni matumizi. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili. Yahoo husubiri miezi 12 tu. Anayesafiri kwenda Bukavu au Kigoma kuuguza mzazi akakawia anapaswa kuifungua akaunti yake mara moja moja. Sharti la pili ni nafasi. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini ni kapu moja linalobeba barua, picha na mafaili. Tangu mwaka 2024 hifadhi ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo huhesabiwa humo. Hili linahitaji kuangaliwa kwa makini katika jamii ambayo video za harusi, mazishi na kwaya huingia usiku na mchana kutoka Uvira, Mombasa na Bujumbura. Kapu likijaa, barua mpya haziingii. Taarifa ya miadi ya uhamiaji inaweza kurudishwa ilikotoka kwa sababu ya video za sherehe za mwaka juzi. Kuzima hifadhi ya video kwenye WhatsApp ni kazi ya dakika moja, na huokoa mengi.

Sharti la tatu ni faragha na usalama. Yahoo ilivamiwa mwaka 2013, na baadaye ikakiri kwamba akaunti zote zilizokuwapo, takribani bilioni tatu, ziliguswa. Umma ulianza kuambiwa mwishoni mwa mwaka 2016. Google ilikuwa ikisoma barua kwa mashine ili kuchagua matangazo, na iliacha kufanya hivyo mwaka 2017. Wanaotaka ulinzi zaidi wana Proton Mail, iliyofunguliwa mwaka 2014 na watu waliokutana katika kituo cha utafiti cha CERN, na Tuta ya Hannover, Ujerumani. Zote mbili husimba barua kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kusoma zilizohifadhiwa. Kwa mtu aliyekimbia serikali au kundi lenye silaha na bado ana ndugu kule, hilo ni jambo zito. Lakini lina gharama yake: nywila ikisahaulika na hakuna njia ya kurejesha iliyoandaliwa, barua za zamani hazisomeki tena. Tuta hufuta akaunti za bure zisizotumika kwa miezi sita. Faragha kubwa humdai mtumiaji umakini mkubwa.

Zipo pia huduma za kulipia. Fastmail ya Melbourne imekuwapo tangu mwaka 1999, na Posteo ya Berlin hutoza euro moja kwa mwezi. Anayelipa ni mteja, na mteja ana nguvu ya kuuliza na kujibiwa. Mtumiaji wa huduma ya bure aliyefungiwa akaunti mara nyingi hazungumzi na mtu yeyote. Hatua ya juu kabisa ni kumiliki kikoa, yaani ule upande wa kulia wa @. Kikoa husajiliwa kwa dola kumi na kitu hadi ishirini kwa mwaka, na huelekezwa kwenye huduma yoyote. Huduma ikifilisika au ikiharibika, mwenye kikoa hubadilisha maelekezo, na barua huendelea kuja kwenye anwani ile ile kutoka seva mpya. Wenye adelphia.net walikosa uwezo huo hasa. Kwa kanisa la Wakongo, chama cha Wabanyamulenge au duka la vitenge, kikoa ni gharama ndogo kuliko maandazi ya mkutano mmoja. Kwa mtu mmoja kinafaa iwapo ana nidhamu ya kulipia kila mwaka, maana kikisahaulika kinaweza kununuliwa na mwingine, pamoja na barua zote zitakazofuata.

Programu huja mwisho, na hapa uhuru ni mkubwa zaidi. Kusoma barua ndani ya kivinjari hakuhitaji kufunga kitu chochote, na ndiyo njia ya wanaotumia kompyuta za bure za maktaba za umma, kama tawi la North Park barabarani Hertel. Njia hii inadai adabu moja: kutoka kabisa kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na kukataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila. Programu ya simu ni nyepesi kwa barua fupi. Programu ya kompyuta, kama Thunderbird inayotolewa bure na watu wa Mozilla tangu mwaka 2004, Apple Mail au Outlook, humfaa mwenye barua nyingi, mwenye anwani zaidi ya moja, na anayetaka nakala ya barua zake nyumbani.

Programu huzungumza na seva kwa lugha mbili. POP hushusha barua kwenye kompyuta na, kwa desturi yake ya asili, huzifuta kwenye seva. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, huziacha kwenye seva na kuonyesha hali ile ile kwenye kila chombo: iliyosomwa kwenye simu huonekana imesomwa kwenye kompyuta. Kwa mwenye vyombo viwili au zaidi, IMAP ndiyo ya kuchagua. Thunderbird ikiwekwa kwa IMAP huweza pia kubakiza nakala za barua kwenye kompyuta, zikasomeka bila mtandao. Dhoruba ya theluji ya Krismasi ya mwaka 2022 iliua zaidi ya watu 40 katika eneo la Buffalo na kuwaacha maelfu bila umeme, barabara zikiwa zimefungwa kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, namba ya simu ya daktari au ya mwenye nyumba iliyomo ndani ya barua ya zamani ina thamani ikiwa tu inaweza kufunguliwa bila mtandao. Kabla ya kuchagua huduma inafaa kujua kama inakubali IMAP: Gmail, Fastmail na Posteo zinakubali, Tuta haikubali, Proton inakubali kwa kupitia programu yake ya ziada kwa wanaolipia.

Ulinzi wa sanduku ni kazi ya kila siku. Nywila iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, na isitumike mahali pengine. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, lakini usitegemee namba ya simu peke yake. Nchini Marekani namba iliyoachwa inaweza kupewa mtu mwingine baada ya siku 45, na mtu huyo ndiye atakayepokea msimbo wa kuingilia. Ni salama zaidi kutumia programu ya misimbo na kuchapisha kwenye karatasi ile misimbo ya akiba ambayo huduma hutoa, kisha kuiweka pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa.

Tena walaghai wanawajua wageni. Barua huja ikiwa na jina la idara ya uhamiaji juu, nembo ya tai, na maneno ya kumtisha mtu kwamba akaunti yake itafungwa leo. Akiligusa lile jina la mtumaji, anwani kamili hutokea chini yake, na hapo huonekana inaishia kwa jina lisilohusiana na serikali. Anwani za idara za serikali kuu ya Marekani kwa kawaida huishia na .gov. Waliochaguliwa katika bahati nasibu ya visa hujua kwa kuingia wenyewe kwenye tovuti rasmi ya Wizara ya Mambo ya Nje na kuangalia, hivyo barua pepe inayompongeza mtu na kumdai ada ni ya wizi. Tabia ya kusoma upande wa kulia wa @ kabla ya kusoma kitu kingine chochote ni ngao inayofundishika hata kwa asiyejua Kiingereza.

Mwisho ni nakala na urithi. Barua muhimu zichapishwe au zihifadhiwe nje ya huduma. Google hutoa njia ya kupakua kila kitu kwa pamoja, na Thunderbird hutunza nakala zake kwenye diski. Tangu mwaka 2013 Google pia humruhusu mwenye akaunti kumtaja mtu atakayepata barua zake akaunti ikinyamaza kwa muda aliouweka. Familia zilizopoteza picha na hati vitani zinafahamu maana ya kumbukumbu kubaki na mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa familia nyingi za North Buffalo, Louisville na Columbus, uamuzi wa busara ni huu: kila mtu mzima awe na anwani yake mwenyewe, kutoka huduma isiyofungamana na intaneti ya nyumbani, kazi wala shule, aifungue kwa jina na tarehe za hati zake, nywila na misimbo ya akiba viwe mikononi mwake, aisome kwa programu yoyote inayomrahisishia, iliyowekwa kwa IMAP, na asiibadilishe bila sababu kubwa. Mwenye uwezo aongeze kikoa chake. Na aliyefika mapema, anapomsaidia mgeni kufungua anwani yake ya kwanza, amwachie aandike nywila kwa mkono wake mwenyewe.